Abu Bakr As-Suli: Mwanachuoni wa Baghdad Aliyekuwa Bingwa wa Sataranji





Katika kurasa hizi za wasifu tumezoea kusoma habari za maimamu wa fikihi na wapokezi wa hadithi. Safari hii tunamleta mtu ambaye alikuwa msomi wa lugha, mwanahistoria, mkusanyaji wa mashairi na mpokezi wa hadithi, lakini watu wa zama zake na wa baada yake wakamkumbuka kwa jambo moja kuliko yote hayo, nalo ni mchezo wa ubao. Jina lake ni Abu Bakr Muhammad bin Yahya As-Suli. Alifariki Basra mwaka 335 Hijria, sawa na 946 Miladia, na wengine wameandika 336. Kwa muda wa miaka mia kadhaa, mtu akitaka kumsifu mchezaji hodari alisema kuwa anacheza kama As-Suli. Ikafika hadi watu wa kawaida wakadhani kuwa yeye ndiye aliyeuvumbua mchezo wenyewe, na mwanahistoria Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 681 Hijria (1282), akalazimika kuwasahihisha katika kitabu chake cha wasifu.

Mchezo huo ni sataranji. Neno hili limo katika kamusi zetu za Kiswahili na limetokana na Kiarabu, shatranj. Huku kwetu kando ya ziwa ni wachache wanaoucheza. Mchezo wa vibarazani kwetu ni bao, ambalo Wasukuma wana lao wakiliita isolo na ndugu zetu wa Buganda wakiita omweso. Hayati Mwalimu Nyerere naye, mtoto wa Butiama, alijulikana kwa kupenda bao. Kwa hiyo mtu wa Mwanza anaijua vizuri hali tutakayoisimulia: wazee wawili wamekaa chini ya mti, watu kumi wamewazunguka, kila mtazamaji anajiona anajua kuliko wachezaji, na adhana inapotoka mmoja anasema amalizie mkono huu tu. Na kuna jambo la kufurahisha katika hesabu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina vyumba 64 na vipande 32. Wanafunzi wa hesabu na waliangalie hilo.

Mchezo ulivyofika kwa Waarabu

Sataranji asili yake ni Bara Hindi, ambako uliitwa chaturanga, yaani jeshi la sehemu nne: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Kutoka huko uliingia Uajemi. Waislamu walipoifungua Uajemi katika karne ya 1 Hijria waliukuta, wakaupokea pamoja na majina yake. Mfalme akabaki kuwa shah kama Waajemi walivyomwita. Pembeni yake akakaa firzan, yaani waziri. Kisha fil, ambaye ni tembo, halafu faras, halafu rukh penye pembe, na mbele yao askari wanane wa miguu. Mfalme akikwama asipate pa kukimbilia husemwa shah mat, na mataifa ya Ulaya yamelichukua neno hilo hilo mpaka leo bila wengi wao kujua lilikotoka.

Msomaji anayeujua mchezo wa leo asidhani kuwa As-Suli alicheza huo. Farasi na rukh walikwenda kama wanavyokwenda leo. Lakini waziri, ambaye siku hizi amegeuzwa malkia na ndiye mwenye nguvu kuliko wote, zamani alisogea chumba kimoja tu kwa mshazari. Tembo aliruka vyumba viwili kwa mshazari, basi, na katika ubao mzima kulikuwa na vyumba vinane tu alivyoweza kuvifikia. Malkia wa leo alizaliwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo sataranji ya Baghdad ilikwenda polepole. Mchezaji aliweza kupanga jeshi lake kwa hatua kumi na zaidi kabla ya vita kuanza, kama mtu anayepanga nyavu kabla ya kusukuma mtumbwi. Subira ilikuwa nusu ya ushindi.

Je, inaruhusiwa?

Kabla ya kuendelea, najua kuna mzazi ambaye tangu mstari wa kwanza ameshauliza swali hili, na ana haki ya kuuliza. Wanachuoni hawakukubaliana. Wanachuoni wa madh-habu ya Abu Hanifa, ya Malik na ya Ahmad bin Hanbal waliukataza, ingawa namna ya kukataza si moja. Imam Shafi, ambaye wengi wetu Afrika Mashariki tunamfuata, aliuona kuwa ni makuruhu na hakuuita haramu, kwa masharti: usichezwe kwa dau, kwa sababu hapo unakuwa kamari na kamari ni haramu bila ubishi, usimfanye mtu akapoteza swala, na usiandamane na matusi na maneno machafu. Imam Nawawi aliifafanua hivyo hivyo. Imepokewa pia kuwa Said bin Jubayr, yule tabii mkubwa aliyeuawa na Hajjaj mwaka 95 Hijria, alikuwa akicheza huku ameupa ubao mgongo, akiambiwa tu mwenzake amesogeza nini. Waliokataza nao wana hoja zao na athari zao, na si haki kuwadharau. Hoja kubwa ya wanaoitofautisha sataranji na michezo ya dadu ni kwamba dadu huendeshwa na bahati, na sataranji huendeshwa na fikra, tena ni mazoezi ya mipango ya vita.

Ubishi huo haujakwisha. Iran waliupiga marufuku baada ya mapinduzi yao, kisha mwaka 1988 wakauruhusu bila kamari. Mwaka 2016 mufti mkuu wa Saudi Arabia aliukemea kuwa unapoteza wakati na kuleta uadui. Mwaka 2025 serikali ya Taliban nchini Afghanistan iliusimamisha. Mwanafunzi anayetaka hukumu na amwendee ustadhi wake, makala hii ni ya historia. Itoshe kujua kwamba As-Suli aliishi katikati ya ubishi huo, na alikuwa mtu wa elimu kabla ya kuwa mtu wa ubao.

Ukoo na masomo

Ukoo wake ulitoka Jurjan, upande wa kusini mashariki ya Bahari ya Kaspi. Babu yao mkubwa, Sul, alikuwa mtawala wa huko mwenye asili ya Kituruki, akasilimu mikononi mwa Yazid bin al-Muhallab, akawa naye hadi akauawa pamoja naye vitani mwaka 102 Hijria (720). Wajukuu wakahamia katika utumishi wa dola ya Bani Abbas, wakawa makatibu na washairi. Mmoja wao, Ibrahim bin al-Abbas As-Suli, alikuwa mshairi anayetajwa mpaka leo katika vitabu vya adabu ya Kiarabu. Basi utaona, kutoka mpiganaji hadi katibu mwenye kalamu ya mwanzi na hati nzuri, ni vizazi vichache tu.

Abu Bakr alizaliwa katika karne ya 3 Hijria na alisoma kwa watu wazito. Alisikia hadithi kwa Abu Dawud as-Sijistani, mwenye Sunan, ambaye alifariki mwaka 275 Hijria (889). Lugha aliichukua kwa al-Mubarrad, kiongozi wa wanasarufi wa mkondo wa Basra, na kwa Thaalab, kiongozi wa mkondo wa Kufa, watu wawili ambao wao kwa wao hawakuelewana. Kusoma kwa wote wawili kulihitaji busara. Naye akaja kusomesha wakubwa: ad-Daraqutni, mpokezi mashuhuri wa hadithi, ni miongoni mwa waliosikia kwake.

Huyo huyo ad-Daraqutni ndiye aliyehifadhi kisa ambacho walimu wa hadithi hukitumia mpaka leo kuwaonya wanafunzi. Siku moja As-Suli alikuwa msikitini akiwaandikisha watu hadithi ya mwenye kufunga Ramadhani kisha akaifuatisha siku sita za Shawwal. Sita kwa Kiarabu ni sittan. Yeye akasoma shay-an, yaani kitu, chochote. Kwa hati ya zamani isiyo na nukta, maneno haya mawili yanafanana mno. Basi siku sita zikawa siku kadhaa zisizojulikana! Wanachuoni wanaliita kosa la aina hii tas-hif, na kisa cha As-Suli kimeingia katika vitabu vya elimu ya hadithi kama mfano. Mtu aliyeweza kukumbuka mamia ya mipango ya sataranji aliteleza kwenye nukta. Wanafunzi wanaochoka kuambiwa na ustadhi warudie herufi, kisa hiki ni chao.

Alipenda vitabu kupita kiasi. Inasimuliwa kuwa alikuwa na chumba kilichojaa vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi za rangi mbalimbali, kila safu na rangi yake, nyekundu mahali pake, kijani mahali pake, na alipoulizwa jambo humwagiza kijana amletee kitabu fulani. Mshairi mmoja akamtania katika beti kwamba elimu yake imo kabatini. Utani ulikuwa mkali, kwa sababu zama zile elimu ya kweli ilihesabiwa kuwa ni ile iliyo kifuani. Hata hivyo, kukusanya vitabu ndiko kulikomwezesha kufanya kazi kubwa: alikusanya na kupanga diwani za washairi waliomtangulia, akaandika habari za Abu Tammam, akaandika kitabu cha adabu za makatibu, na akaandika Kitab al-Awraq, historia ya Bani Abbas na washairi wao, ambayo sehemu zake zimebaki na wanahistoria wa leo wanaitegemea kwa mambo aliyoyaona kwa macho yake.

Mbele ya Khalifa al-Muktafi

Mwaka 289 Hijria (902) al-Muktafi alishika ukhalifa. Alikuwa mpenda sataranji, na alikuwa na mchezaji wake kipenzi aliyeitwa al-Mawardi, jina linalotokana na maji ya waridi, marashi yale tunayonyunyiziwa katika maulidi. Watu wakamtajia Khalifa habari za As-Suli. Wakakutanishwa.

Mwanahistoria al-Mas-udi ameeleza mchezo huo. Khalifa hakujificha. Kwa mazoea na mapenzi aliyokuwa nayo kwa al-Mawardi alimshangilia na kumtia moyo waziwazi, hata As-Suli mwanzoni akapigwa na bumbuwazi. Na nani asingepigwa? Kumshinda kipenzi cha mfalme mbele ya mfalme mwenyewe ni hatari, na kushindwa ni aibu na mwisho wa riziki. Kidogo kidogo akajikusanya, akaacha kusikiliza kelele, akacheza. Akamshinda al-Mawardi ushindi usio na shaka hata kidogo. Khalifa alipoona hivyo, mapenzi yakageuka palepale, akamwambia mtu wake kwa kejeli kwamba maji yake ya waridi yamegeuka mkojo. Anayejua vibaraza vyetu anajua kuwa mashabiki hawajabadilika katika miaka elfu moja.

Tangu siku hiyo As-Suli akawa mmoja wa nadimu wa Khalifa, yaani wenziwe wa barazani, watu wanaokaa naye kwa mazungumzo, mashairi, habari za kale na mchezo. Hakuwa na cheo cha serikali. Riziki yake ilitegemea moyo wa mtu mmoja, na hilo tulikumbuke tunapoendelea.

Mwalimu wa mtoto wa Khalifa

Baada ya al-Muktafi alikuja ndugu yake al-Muqtadir, mwaka 295 (908), akiwa kijana wa miaka 13 tu. Katika zama zake As-Suli alipewa kazi ya kumsomesha mwana wa Khalifa, Muhammad, ambaye baadaye angeitwa ar-Radi, pamoja na ndugu yake Harun. As-Suli mwenyewe ameeleza katika Kitab al-Awraq kwamba aliwakuta watoto wana akili lakini hawajafundishwa. Akawanunulia vitabu vya fikihi, mashairi, lugha na habari za watu, kila mmoja akawa na maktaba yake, akawasomea na hadithi.

Siku moja, wakati ar-Radi anasoma mbele yake, waliingia watumishi wa bibi yake, mama wa Khalifa, mwanamke mwenye nguvu kubwa katika kasri. Bila kusema neno wakakusanya vitabu vyote wakaondoka navyo. Kijana akawaka kwa hasira. Mwalimu akamtuliza, akamwambia kuwa huenda wakubwa wamesikia kwamba kuna vitabu visivyofaa wanataka kuvikagua, na ni vizuri wavione. Baada ya saa kadhaa vikarudishwa vyote. Hapo kijana akawaambia watumishi wawafikishie waliowatuma kwamba wameona wenyewe, ni vitabu vya hadithi, fikihi, lugha na historia, vitabu ambavyo Mwenyezi Mungu huwanufaisha navyo wanachuoni, wala si kama vile wanavyovipenda wao, maajabu ya bahari, Sindbad, na paka na panya. Mwalimu aliogopa. Alijua maneno yakifika kwa bibi kama yalivyo, atakayeulizwa ni nani aliyemfundisha mtoto jeuri hiyo. Akawafuata watumishi akawaomba wasiyafikishe.

Kisha akapata jibu ambalo wazazi wanaosoma jarida hili watalitafakari. Aliambiwa kutoka upande wa kasri kwamba hawataki watoto wao wawe wanachuoni wala mabingwa wa adabu, na kwamba alichokwisha kuwafundisha kimetosha. Kasri lenye dhahabu yote ile liliogopa mtoto kusoma sana. Hata hivyo mbegu ilikuwa imeshaota. Wanahistoria wanamhesabu ar-Radi kuwa Khalifa wa mwisho wa Bani Abbas kukusanyiwa diwani ya mashairi, na wa mwisho kuhutubu mara kwa mara siku ya Ijumaa juu ya mimbari. Lililobaki katika mikono ya Khalifa baada yake lilikuwa jina tu.

Siku za neema

Al-Muqtadir aliuawa mwaka 320 (932) na nchi ikaingia katika misukosuko. Mwaka 322 (934) ar-Radi akawekwa kwenye kiti, na mwalimu wake wa utotoni akaitwa. Hizi ndizo siku za neema za As-Suli. Kaa naye, soma naye, cheza naye.

Al-Mas-udi anasimulia kwamba ar-Radi alikuwa akitembea na watu wake katika bustani nzuri iliyojaa maua, akawauliza kama wamewahi kuona kitu kizuri kuliko bustani ile. Wakaanza kusifu, kila mmoja akimshinda mwenzake kwa maneno. Khalifa akawakatiza, akasema kuwa uchezaji wa sataranji wa As-Suli ni mzuri kuliko maua hayo na kuliko yote waliyoyasema. Kwa mwalimu mzee kusikia hayo kwa mwanafunzi wake, sina la kuongeza.

Sasa tuone alikuwa anafanya nini juu ya ubao hata akasifiwa hivyo. Waliomtangulia walikuwepo. Mkubwa wao alikuwa al-Adli, aliyecheza mbele ya makhalifa katika karne ya 3 Hijria hadi akashindwa na ar-Razi mbele ya Khalifa al-Mutawakkil. Al-Adli ndiye aliyeandika kitabu cha mwanzo cha sataranji. Wachezaji waligawanywa kwa daraja tano. Daraja ya juu kabisa iliitwa aliyat, na wakati mmoja huwa hawazidi watu wachache sana. Wa daraja ya chini akicheza na wa juu hupewa nafuu: mkubwa huondoa askari wake mmoja, au waziri, au farasi, hata rukh, kulingana na tofauti yao, ili mchezo uwe na maana. Ni adabu nzuri, na wachezaji wetu wa bao wangeweza kuitumia kwa vijana badala ya kuwacheka.

As-Suli alikichukua kitabu cha al-Adli, akakikosoa, akaandika chake. Alichoongeza ni elimu ya mwanzo wa mchezo. Mipango ile ya kupanga jeshi, ambayo Waarabu waliiita tabiya, kila mmoja ulikuwa na jina lake, na yeye akaichambua moja moja, upi una nguvu, upi una udhaifu na wapi. Pia aliweka mansubat, mafumbo ya ubao yanayompa msomaji hali fulani ya vita na kumwambia atafute njia ya kushinda. Mwanafunzi wake mkubwa, Abul-Faraj al-Lajlaj, aliendeleza kazi hiyo. Lajlaj maana yake ni mwenye kigugumizi. Mtu ambaye ulimi wake ulimkwamisha alikuja kuwa mwandishi wa sataranji anayesomwa, na Ibn an-Nadim, mwenye Fihrist, anasema alimwona kwa macho yake. Alikwenda Shiraz kwa mfalme Adud ad-Dawla na huko ndiko alikofia.

Inafaa hapa tutaje kisa cha ngano, kwa sababu Ibn Khallikan amekiweka ndani ya wasifu wa As-Suli. Ni kisa cha kale, nacho kinasema kuwa mvumbuzi wa mchezo, Mhindi aliyeitwa Sissa, aliambiwa na mfalme aombe zawadi aitakayo. Akaomba punje moja ya ngano katika chumba cha kwanza cha ubao, mbili katika cha pili, nne katika cha tatu, na kuendelea hivyo kwa kuzidisha mara mbili mpaka chumba cha 64. Mfalme akaona ni ombi la kipumbavu. Makatibu walipopiga hesabu wakamwambia kuwa ngano ya duniani haitoshi. Ibn Khallikan anakiri kuwa hakusadiki mpaka mtaalamu wa hesabu wa Iskandaria alipomwonesha karatasi. Chumba cha 16 peke yake kina punje 32,768. Jumla ya vyote ni 18,446,744,073,709,551,615. Mwanafunzi mwenye subira na ajaribu mwenyewe kwa kalamu, asitumie kikokotoo.

Kuporomoka

Neema ya As-Suli ilikuwa imejengwa juu ya mtu mmoja, na mtu huyo hakuishi. Hata kabla ya kifo chake, ar-Radi alikuwa ameshanyang'anywa utawala. Mwaka 324 (936) alilazimika kumpa jemadari Ibn Raiq cheo cha amiri wa maamiri, na tangu hapo fedha na jeshi zikawa mikononi mwa majemadari wanaopokonyana. Ar-Radi akafariki mwaka 329 (940), hajazeeka.

Khalifa mpya, al-Muttaqi, hakutaka nadimu. Alisema Qur'ani inamtosha kuwa mwenziwe wa barazani. Ni maneno ambayo Mwislamu hawezi kuyapinga, lakini kwa As-Suli yalikuwa na maana kwamba mlango umefungwa na riziki imekatika. Akaenda Wasit kwa Bajkam, jemadari wa Kituruki aliyekuwa na nguvu wakati huo. As-Suli ameandika kwamba Bajkam alikielewa Kiarabu lakini hakukizungumza kwa kuogopa kukosea, kwani aliona kosa la ulimi kwa mtu mkubwa ni aibu. Alimpokea vizuri. Haukupita muda, mwaka huo huo wa 329 (941) Bajkam akauawa akiwa matembezini ya uwindaji. Mlango wa pili nao ukafungwa.

Baghdad ikazidi kuharibika. Al-Muttaqi mwenyewe alipofuliwa macho na kuondolewa mwaka 333 (944), na mwaka 334 (945) majeshi ya Bani Buwayh yakaingia mjini. As-Suli, mzee sasa na mwenye dhiki, aliondoka akaenda Basra. Huko ndiko lilikompata la mwisho. Alisimulia habari fulani inayomhusu Sayyidna Ali (R.A.), na habari hiyo ikawakasirisha watu wakubwa kwa wadogo. Zilikuwa siku za fitina baina ya makundi ya Waislamu, neno moja lilitosha. Wakamtafuta wamuue. Mtu aliyekuwa akitembea na makhalifa bustanini akajificha nyumba za watu, na akafa mafichoni, hawakumpata.

Fumbo lililobaki

Kitabu chake cha sataranji hakikutufikia kwa ukamilifu, lakini sehemu kubwa ya kazi yake imehifadhiwa ndani ya miswada iliyonakiliwa baadaye, mingine ikiwa Istanbul. Humo mna fumbo moja ambalo watu wamelipa jina la almasi ya As-Suli. Ubaoni mna vipande vinne tu: mfalme na waziri wa upande huu, mfalme na waziri wa upande ule. Ukiutazama unaona hakuna kitu. Katika sheria za zamani, anayebaki na mfalme peke yake ameshindwa, kwa hiyo kazi ni kumnasa waziri wa adui huku wako akiwa salama, na mawaziri wale, kama tulivyoeleza, ni dhaifu mno. As-Suli aliandika kuwa fumbo hili ni la zamani, kwamba wala al-Adli wala mwingine hakuweza kulimaliza, na kuwa duniani hapakuwa na anayelijua isipokuwa yule aliyemfundisha yeye mwenyewe. Jibu hakuliacha wazi katika maandishi.

Karne zikapita. Sataranji ikaenda Andalusia na Sicily, ikaingia Ulaya, ikabadilishwa sheria. Mwaka 1929 kijana Mwislamu wa Punjab, Mir Sultan Khan, aliyefika Uingereza akiwa katika utumishi wa tajiri mwenye ardhi, alichukua ubingwa wa nchi hiyo, akaurudia mwaka 1932 na 1933, na shirikisho la dunia likampa cheo cha bingwa mkuu cha heshima mwaka 2024, miaka 58 baada ya kufa kwake. Wakati wote huo fumbo la As-Suli lilikaa. Ni katika miaka ya 1980 ndipo bingwa wa Kirusi, Yuri Averbakh, alipokaa nalo, akarudi kwenye mwendo wa zamani wa waziri, chumba kimoja kimoja kwa mshazari, akapata njia. Mfalme mweupe anazunguka mbali, hatua baada ya hatua, kana kwamba amepotea, na kila hatua ina sababu yake.